Kifungo cha Tatu cha Koti la Salaita

Asubuhi hiyo niliamka nikakuta shati langu la kulalia limefunguliwa lote, kutoka shingoni hadi kitovuni, na vidole vyangu vimeganda juu ya kifungo cha chini kabisa. Asubuhi iliyotangulia lilikuwa limefungwa lote, hata kile cha kooni ambacho sikifungi kamwe, na nilikuwa nimeamka nikitafuta pumzi. Ndivyo ilivyokuwa tangu nisome vile vifungo vinne. Vidole vilifanya kazi nikiwa nimelala, na sikuweza kujua kazi yenyewe ni ipi: kufungua au kufunga.

Nikavaa fulana isiyo na kifungo hata kimoja, nikatoka.

Uwanda wa Salaita ulikuwa umejaa nguzo. Nyavu za umande zilianzia barabara ya Taveta zikaja mpaka chini ya kilima, na kila alfajiri zilichuruzisha maji kwenye mabomba yaliyokwenda hadi Voi. Safu moja tu ilikuwa imekatika katikati, pale kekee ya kutobolea mashimo ya nguzo ilipotapika kifungo cha shaba badala ya udongo. Tangu hapo kamba ya manjano ililizunguka shimo lile, na Nyambu, dereva wa kekee, alinywea chai yake juu ya kiti cha mtambo uliozimwa.

"Dada Mghoi," aliniita, "hao watu wako wameshamaliza kuongea? Mimi niliajiriwa kutoboa, sikuajiriwa kunenepa."

"Wamebaki na neno moja."

"Neno moja la marehemu huwa refu. Waambie wafupishe."

Alicheka, lakini hakulitazama shimo. Hakuna aliyelitazama. Sheria ya Kutaja haina mzaha: kitu chochote kilichowahi kumgusa mtu, kikitoka ardhini, hakifukiwi tena mpaka mtu huyo atajwe kwa jina. Kazi ya kutaja ilikuwa yangu. Nimeshataja watu kwa meno yao, kwa shanga, kwa vijiko. Kwa vifungo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza, na kama ningejua vitanifanya nini, ningeomba vijiko tena.

Vilikuwa vitano, vimelala ardhini kwa mstari mmoja, upana wa kiganja kati ya kimoja na kingine, kama vile koti lingali limevaliwa na ardhi yenyewe. Mifupa haikuwepo. Udongo wa pale hula mfupa na kuacha shaba. Nilivilowesha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nikavikwangua kwa kijiti cha mwanzi, maana kitambaa hufuta alama. Mchanga ulipotoka likajitokeza taji, na kwa matao yake nikajua ni la mfalme wa Ujerumani, si la Mwingereza. Koti la askari wa upande wa pili, basi, katika vile vita vya kwanza ambavyo Wazungu walikuja kupigania kwetu.

Jina halikai kwenye taji. Jina hukaa kwenye vidole, na kwa hilo tunayo mashine, Mpapaso.

*

Waliofika kwenye kontena langu la kazi siku hiyo walikuwa wawili, na hawakuwa wamewahi kuonana.

Wa kwanza alikuwa Mama Mkamburi, mwalimu wa kwaya kutoka milimani Wundanyi, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuamrisha kanisa zima. Alikuwa na kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, amekikunja mara nne.

"Nimekuja kumchukua," alisema kabla hajakaa.

"Keti kwanza, mama."

"Nitaketi nikishamchukua."

Babu wa babu yake, Mwaluma, alipelekwa vitani kubeba mizigo ya Waingereza, hakurudi. Katika ukoo wao mtu hakuwa amepumzika mpaka fuvu lake lipandishwe pangoni, liwekwe kwenye rafu ya mwamba pamoja na wenzake. Desturi yenyewe ilikoma zamani, makaburi ya kanisa yakaichukua nafasi yake. Rafu haikukoma. Mama Mkamburi aliwahi kunionyesha picha: mafuvu yamepangana bega kwa bega, kana kwamba yana mabega, na katikati pengo moja. Hakuna aliyethubutu kulijaza.

Na tangu Mwaluma asirudi, mkubwa wa nyumba ile alisikia meno. Bibi yake aliyasikia, mama yake akayasikia, sasa zamu ilikuwa yake.

"Meno yanayogongana, Mghoi. Mtu anayesikia baridi. Nikizima redio, yapo. Nikisali, yananisubiri nimalize." Aliwahi kunieleza hivyo kwa simu, bila kutetereka, kama anayeripoti bomba linalovuja. "Wazee wa ukoo wamekubali. Fuvu halipo, basi kifungo kitatosha. Nipeni tu kifungo."

Wa pili aligonga mlango kwa kifundo cha kidole. Mzee Mayunga, mfuga nyuki wa Tabora, mwembamba kama mshale, ndani ya koti zito la sufu lililomzidi. Mkononi alikuwa na chupa ya asali iliyofungwa gazeti.

"Hodi, jamani. Huku kwenu jua huwa linachelewa namna hii?"

Mama Mkamburi alimpima kuanzia miguuni. "Mzee umevaa kama bwana harusi."

"Ningekuwa bwana harusi ningekuletea mtungi, mama, si chupa moja."

Hata mimi nikacheka. Baadaye nilikuja kukikumbuka kicheko kile kwa uchungu, kwa sababu bado sikuwa nimemwambia mmoja kuhusu mwenzake.

Nyumbani kwa Mzee Mayunga palikuwa na jina ambalo halikupewa mtoto yeyote. Kapufi. Ukoo mzima ulijua kwamba Kapufi aliondoka akiwa askari wa Mjerumani, akatoroka, akaenda kuishi na wanawake wa pwani huku mama yake akimlilia mpaka akapofuka. Mtoto akifanya hila, aliambiwa: una damu ya Kapufi.

"Mimi nataka kujua tu," alisema mzee. "Nimekuja na treni nikiwa na swali moja. Nisomee kila kilichosomeka."

"Hakuna kusoma tena," alisema Mama Mkamburi. "Vinne vimeshayeyushwa. Cha mwisho ni changu."

Ikabidi nieleze.

Mpapaso hausomi vita wala nyuso. Mtu anapoishika shaba kwa nguvu, jasho la vidole huila kidogo sana, na huila kwa mdundo wa damu inayopita kwenye ncha za vidole. Kama nyuma ya shaba hiyo kuna kifua, mdundo wa moyo huingia kwa upande wa pili. Alama hizo hulala tabaka juu ya tabaka. Ili kuzisoma, mashine hukiyeyusha kifungo tabaka moja baada ya jingine, na mtambuzi kama mimi hutia mkono kwenye glavu yake ahisi kila kitu vidole vile vilichohisi. Ikimaliza, kinachobaki ni maji ya kijani kwenye bilauri. Tena haihifadhi yote. Imefundwa kutafuta mpigo wa moyo, kwa kuwa mpigo na jasho ndivyo vinavyotoa jina kwenye Hazina ya Damu, daftari la damu za koo zote. Ikishaupata mpigo, mengine huyatupa.

Nikawaonyesha bilauri nne. Kando yake, juu ya pamba, kilikuwa kifungo cha tatu, cha katikati.

"Vimetoa majina mawili," nikasema. "Kifua ni cha damu ya Kapufi. Vidole ni vya damu ya Mwaluma."

Nje Nyambu alikuwa akiipigia mluzi chai yake ipoe.

"Mkono wa babu yangu," Mama Mkamburi alisema polepole, "ulikuwa ukitafuta nini kifuani mwa askari wa Mjerumani?"

*

Nikafungua spika. Kifungo cha shingoni kwanza. Tulisikia mipigo miwili iliyopishana: mmoja wa kasi, wa vidole, damu inayokimbia kama ya mtu mwenye homa kali, mwingine wa chini, mzito, unaochelewa. Moyo wa Kapufi. Mzee Mayunga alivua kofia. Kifungo cha pili: vidole vile vile, na moyo ule umechelewa zaidi.

Kisha cha nne. Vidole tu. Cha tano, vidole tu.

"Rudia," alisema mzee.

Nikarudia.

"Kwa hiyo alifia katikati," alisema. "Katikati ya koti."

"Alikuwa anamvua," alisema Mama Mkamburi. Sauti ya kanisani ilikuwa imemtoka. "Wapagazi hawakupewa koti. Walipewa blanketi, likioza basi. Alikuwa na homa, anasikia baridi, akamkuta mtu anakufa ana koti zuri."

"Au alikuwa anamfunika," nikasema.

"Mpagazi amfunike adui kwa vidole vinavyotetemeka hivyo? Mwanangu, usinidanganye kwa huruma."

Hapo ndipo nilipowaeleza kuhusu uzi. Kutu ya shaba ni sumu kwa wadudu walao nguo, na nyuma ya kifungo cha tatu, ndani ya kitanzi chake, ulikuwa umesalia uzi wa kushonea, mfupi kama kope. Uzi huvutwa upande mmoja kifungo kinapofunguliwa, na upande wa pili kinapofungwa, na hushika mfuatano: nini kilianza, nini kilifuata. Kifungo hicho kikisomwa pamoja na uzi wake, kitasema Mwaluma alikuwa anafanya nini. Kisha hakitakuwepo. Ndiyo maana sheria haikuniruhusu kukigusa: kitu cha mwisho hakisomwi bila ridhaa ya wenye damu. Wasipoafikiana, mtambuzi huamua.

Walitoka, wakakaa kila mmoja upande wake wa kontena, kwenye vivuli viwili tofauti. Saa ya chakula niliwapelekea wali na maharage. Mzee alikuwa ameshika kofia. Mama alikuwa ameziba masikio kwa viganja.

Walirudi pamoja, na kila mmoja alikuwa ameazima maneno ya mwenzake.

"Usisome," alisema Mzee Mayunga. "Nimeusikia moyo. Alikuwa hapa, binti, hapa chini ya kilima hiki, na koti lake mwilini. Hakutoroka. Nikirudi, mtoto wa kwanza atakayezaliwa ataitwa Kapufi. Kama alivuliwa, mimi sina haja ya kujua. Mpe mama kifungo chake, akamweke mtu wake, apate usingizi."

"Soma," alisema Mama Mkamburi.

"Mama, ukikisoma hutakuwa na cha kuweka."

"Nikiweka nisichokijua, nitakuwa nimeweka nini? Hapo kwenye rafu kuna watu, Mghoi. Kuna aliyezalisha nusu ya Wundanyi. Nimkaribishe mwenzao bila kujua ameingia na mikono gani? Na huyu baba..." Alimwonyesha mzee kwa kidevu, bila kumtazama. "Tumekula wali wa sufuria moja. Nitamtazamaje?"

"Unitazame tu. Mimi sikuibiwa kitu."

"Nyamaza, baba, tafadhali. Wema wako unaniumiza."

Wakanigeukia wote wawili.

Ningependa kusema nilifikiria haki. Nilifikiria vidole vyangu. Wakati tukizungumza vilikuwa vimeanza tena, kwenye ukingo wa fulana, vikitafuta kifungo ambacho hakikuwepo. Kukisoma kungenitua mzigo wangu, na kwa sababu hiyo hiyo nilijua sistahili kuamua. Lakini nilimtazama Mama Mkamburi, nikaona jinsi alivyoinamisha kichwa kidogo, upande, kama anayesikiliza chumba cha pili. Alikuwa akiyasikia pale pale, mchana, mbele yetu. Mtu aliyeyabeba meno yale alikuwa ndiye anayeuliza, naye alijua bei ya jibu.

"Nitasoma," nikasema.

Mzee Mayunga alikaa chini polepole. "Basi mimi sibanduki," alisema.

*

Glavu ya Mpapaso ni baridi siku zote. Nilitia mkono, nikafumba macho.

Kwanza homa. Vidole si vyangu, vimekauka, kucha zimepasuka, vinatetemeka hadi kwenye kiwiko. Kidole gumba kikakipata kifungo, kikakisukuma. Uzi ukavutwa. Kikapita tundu, koti likaachia.

Kilifunguliwa.

Nilisikia sauti yangu ikisema hivyo kwa nguvu, na Mama Mkamburi akatoa pumzi kama aliyepigwa.

Sikuwa nimemaliza. Chini ya kifungo palikuwa na kifua, na ndani ya kifua, moyo. Ukapiga. Vidole vikangoja. Ukapiga tena, kwa mbali, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba ya jirani. Vidole vikangoja. Havikusogea kwenda cha nne. Vililala pale, kiganja kizima kikashuka juu ya kifua, vikangoja mpigo mwingine kwa muda mrefu kuliko mwizi yeyote angengoja, na mpigo haukuja.

Kisha kidole gumba kikarudi. Kikakisukuma kifungo upande wa pili. Kilishindwa, kikateleza, kikajaribu tena. Uzi ukavutwa kinyume. Kikaingia.

Baada ya hapo uzi ulivutwa kutoka juu, mara moja, halafu mara ya pili. Hiyo mashine haikuwahi kunipa. Vilikuwa kifungo cha pili na cha shingoni vikifungwa, miguso isiyo na moyo nyuma yake, ambayo Mpapaso uliitupa kwa kuwa ulishapata ulichokitaka. Mwisho uzi ukavutwa kutoka chini: kiganja kikashuka, kikakibonyeza cha nne, kikakibonyeza cha tano, kama mtu anayehakikisha mlango kabla ya safari.

Nilipofungua macho, bilauri ya tano ilikuwa ya kijani.

Nikawaeleza kama nilivyohisi, bila kuongeza wala kupunguza.

"Kwa hiyo alikuwa mwizi," alisema Mama Mkamburi.

"Kwa vifungo vitatu," alisema mzee.

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo alimfunga," nikasema. "Akaliacha koti, akaondoka na baridi yake."

Midomo ya Mama Mkamburi ilicheza. Nilidhani atashukuru. Alichofanya ni kukipiga kile kitambaa cheupe gotini, mara moja, kwa hasira.

"Mjinga!" alilia. "Mjinga wewe! Mtu ameshakufa, koti la nini kwake? Si ungelivaa! Si ungelivaa tu ukarudi nyumbani!"

Akalia kama mtoto, na Mzee Mayunga akamwacha alie, akiwa amejishika ukosi wa koti lake kwa mikono miwili kana kwamba anaona aibu kuwa nalo.

*

Kesho yake tulipanda pangoni, sisi watatu. Milima ilikuwa ndani ya ukungu na matone yalining'inia kwenye migomba. Mama Mkamburi alibeba bilauri ya tano ikiwa imefunikwa kwa kitambaa chake. Njiani alitukumbusha kwamba Jumapili yeye ni wa kwaya, na kwamba tusije tukaulizwa na padri tukajitia kujua njia hii.

Pango halikuwa kubwa. Mafuvu yalitutazama kwa utulivu wa watu wanaongoja mkutano uanze. Pengo lilikuwa mahali pake.

Alisimama mbele yake na bilauri mkononi.

"Baba," alimwambia mzee, "humu wamo wote wawili. Jasho la wetu, kifua cha wenu. Siwezi kuchuja."

"Usichuje."

"Huyu wako si wa hapa. Atakaa na Wataita."

"Wanyamwezi tumekaa na kila mtu. Mmwage tu."

Akamwaga. Maji yalitambaa juu ya mwamba, yakajaa ndani ya pengo, yakanywewa polepole na jiwe. Ilibaki alama ya kijani, si kubwa kuliko kiganja. Mama Mkamburi aliita majina mawili, moja baada ya jingine, kisha akainamisha kichwa upande. Tone likaanguka mahali fulani nyuma ya pango. Sikumwuliza alisikia nini au alikosa kusikia nini, na mpaka leo hajaniambia.

Tulipotoka, upepo ulikuwa umegeuka. Mzee Mayunga alikuwa amelifungua koti lake wakati wa kupanda, sasa alijaribu kulifunga na vidole vyake vya uzee havikumtii. Meno yake yalianza kugongana.

Mama Mkamburi aliganda.

Mikono yangu ilitaka kwenda. Niliiona ikinyanyuka, nikaishika. Lakini yeye alikuwa ameshapiga hatua.

"Simama vizuri, baba. Umeitoa wapi akili ya kuja milimani na koti wazi?"

"Huko Tabora..."

"Hatuko Tabora."

Akafunga cha shingoni. Akafunga cha pili. Kwenye cha tatu alisimama, kiganja chake kikiwa kimelala kifuani mwa mzee, na uso wake ukatulia kama wa mtu aliyebisha hodi na sasa anasikiliza kama kuna mtu ndani. Ukungu ulitupita.

Kisha mama akaitikia kwa kichwa, kidogo tu, akakifunga, akafunga cha nne.